Shuka Arobaini na Mbili

Mwaka wa kwanza zilikuwa shuka sita.
Nilizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja
na kimoja cha kuazima.
Nyumba moja tu ya wageni hapa Shela,
na mgeni mmoja, mrefu, akigonga kichwa mlangoni
kila asubuhi, na kila asubuhi akicheka.

Sasa ni arobaini na mbili, na huu si msimu.

Sikatai. Shuka zimenilipia karo ya Mwanapwani
hadi kidato cha nne, zikapaka chokaa ukuta wa nyuma,
zikamzika mama kwa sanda isiyo ya mkopo.
Atakayesema wageni hawana baraka
anionyeshe mikono yake kwanza.

Lakini kisima.

Mama alikuwa akiyaonja maji kabla ya kuinjika chai,
kama mtu aonjaye neno kabla hajalisema.
"Haya mai," akisema kwa Kiamu chake,
"ni amana ya mtanga."
Vile vilima vya mchanga nyuma ya mji,
tulivyokuwa tukiteremka juu ya makuti
hadi nguo zikatoboka na tukapigwa,
havikuwa mandhari. Vilikuwa mtungi.
Mvua ikinyesha vilikunywa, nasi tukanywa kwavyo.

Leo mabegani mwake pamesimama kuta nyeupe,
na ndani ya kila ukuta bwawa la buluu,
na kando ya kila bwawa mtu aliyelala
akiitazama bahari.
(Bahari iko pale pale, hatua mia, bure.
Sijawahi kuuliza.)

Kaka yangu Shebwana ndiye mwenye pampu.
Huiwasha saa saba za usiku, kelele isiwaudhi.
Nami kitandani huisikia ikivuta, ikivuta,
kama mtoto aliyefika chini ya glasi
na bado hajautoa mrija mdomoni.
Asubuhi tukikutana hatutaji maji.
Tunazungumza habari za goti lake.

Mwezi wa Februari chai ilikatika.
Maziwa yalijikunja sufuriani, mabonge mabonge.
Nikamgombeza muuza maziwa, na ng'ombe wake pia.
Nikabadilisha maziwa: ikakatika.
Nikanunua ya pakiti: ikakatika.
Ndipo nikafanya alivyofanya mama.
Nikachota kiganja kimoja, nikaonja.

Sikuyatema. Niliyashikilia mdomoni kitambo.
Kuyatema kungekuwa kukiri.

Tangu hapo chai naipika kwa maji ya chupa,
yale wanayoyaacha nusu kando ya vitanda.
Nayakusanya pamoja na shuka.
Hakuna anayejua, au wanajua
na wananyamaza kwa adabu.

Jana yule bibi Mwitaliano wa chumba cha juu
alishuka jikoni na daftari,
anataka chai yetu, aipike kwao, majira ya baridi.
Iliki ngapi? Nikamwambia.
Tangawizi, ya kutwanga au ya unga? Nikamwonyesha kinu.
Akaandika: maji, vikombe vitatu.
"Maji gani?" nikamuuliza.
Akainua kichwa, kalamu hewani,
akidhani Kiswahili chake ndicho kilichokosea.
Nikamtazama: mtu mwema, ngozi imemchunika puani,
kila siku hutandika kitanda chake mwenyewe
ili nisihangaike.
"Yoyote," nikasema.
Akaandika.

Kisha nikatoka uani kuzitoa kambani.
Zikikauka siku hizi hukakamaa kidogo,
na kwenye pindo hubaki mstari mweupe, mwembamba,
ambao huondoka kwa kucha.
Wageni husema shuka zetu zinanukia bahari.
Wanapenda sana.
Wamekiandikia kitabu cha wageni kurasa tatu.